Njia ya Mlima Hupimwa kutoka Kimo cha Mbwa

Mbwa hana namna ya kuukataa mlima. Mtu akichoka atasema, ataketi juu ya jiwe, ataomba maji au atamlaumu aliyemleta. Mbwa humfuata mwenyewe tu, akihema, hadi miguu inapomwishia nguvu, na hata hapo hujaribu kusimama tena akiona mwenyewe anaondoka. Utiifu huo ndio unaonifanya niamini kwamba swali la iwapo njia fulani ya mlimani inamfaa mbwa halipaswi kuachwa lijibiwe njiani. Hujibiwa nyumbani, kabla kamba haijashikwa, na hujibiwa na mtu aliyejishusha kwa fikira hadi kimo cha mnyama ambaye pua yake iko karibu na ardhi na ambaye havai viatu.

Sisi wa Mombasa tuna shida ambayo wafugaji wa mbwa wa bara hawana. Mbwa wetu wanaishi usawa wa bahari, kwenye ardhi tambarare ya mchanga na matumbawe, na milima ya kweli iliyo karibu nasi ni ile ya Taita, ambayo huanza kuonekana vizuri baada ya kusafiri karibu kilomita 150 hadi Voi. Mbwa wangu, Duma, ni chotara wa mbwa wa kienyeji, mwepisi na mwenye manyoya mafupi, na mazoezi yake ya kila siku ni ufuo wa Bamburi wakati wa maji kupwa. Mnyama wa namna hiyo hufika mlimani akiwa na moyo mkubwa na miguu ambayo haijazoea mwinuko wala mawe makali. Ndiyo maana sitosheki ninapoambiwa kwamba njia fulani ina kilomita kadhaa na kwamba huchukua saa tatu kufika juu. Hivyo ni vipimo vya binadamu. Mbwa mwenye afya anaweza kutembea kilomita kumi na tano bila taabu, akashindwa na kilomita mbili zenye jua kali, mawe ya moto na ukosefu wa maji.

Kabla ya ardhi na jua kuna suala la ruhusa, na hapa sitakawia. Mahali panapoulizwa kwanza huwa ni Shimba Hills, kwa kuwa ni karibu, kuna msitu wenye ubaridi na kuna maporomoko ya Sheldrick. Jibu ni hapana. Mbwa wa nyumbani hawaruhusiwi katika mbuga na hifadhi za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, iwe ni Shimba, Tsavo au Mlima Kenya. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ukali usio na maana, lakini mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu naijua habari ya Serengeti ya mwaka 1994. Mwaka huo virusi vya ugonjwa wa distempa, ambavyo watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi hiyo, viliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, idadi inayokadiriwa kufikia simba elfu moja. Tsavo yetu ina simba na ina mbwa mwitu, ambao tayari ni wachache mno. Ninapoyawazia hayo, sioni kama Duma amenyimwa haki yoyote kwa kuzuiwa langoni.

Misitu ya milima ya Taita iliyo nje ya mbuga iko chini ya usimamizi mwingine, na huko ni wajibu wa mgeni kuuliza ofisi ya misitu ya mahali hapo kabla ya kuingia na mnyama. Yako pia maeneo ambayo Wataita huyaita fighi, yaani misitu midogo iliyotengwa kwa heshima ya mila tangu zamani, kama vile Mijikenda walivyo na kaya zao. Huko siendi na mbwa hata kama hakuna anayenizuia.

Sasa nije kwenye joto, ambalo nalipa uzito kuliko mambo mengine yote. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi, na likivuka nyuzi 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake ni la nyayoni tu, na ni kidogo. Kinachompoza hasa ni kuhema, maana maji ya ulimini na ya njia ya pumzi hukauka na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo hapa pwani, maji hayo hayakauki upesi, na mbwa huweza kuhema kwa nguvu bila kupata nafuu. Ukifika Voi hewa ni kavu zaidi, lakini jua la nyika halina kivuli cha kulizuia.

Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu moja. Kilele cha Vuria, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, kina mita 2,208, kwa hiyo hewa ya kule juu yaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi kumi na zaidi kuliko ya Mombasa saa ile ile. Watu wengi husikia hayo wakafarijika, wakidhani kwamba mlima mrefu ni salama kwa mbwa kwa kuwa una baridi. Hatari haiko kileleni. Iko chini, saa saba mchana, wakati mbwa aliyekwisha kuchoka anateremka kutoka kwenye ukungu na kuingia tena kwenye joto ambalo asubuhi halikuwako. Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni ambayo sijaona sababu ya kuiacha: njia inayoanzia juu na kubaki juu ni bora kuliko njia inayoanzia bondeni, hata kama ile ya kwanza ni ndefu maradufu. Matembezi ya kutoka Wundanyi, ambako tayari uko juu na mashamba yana kijani, hayafanani kabisa na kupanda kutoka nyikani.

Uelekeo wa mteremko nao una maana. Upande wa magharibi wa mlima hubaki kivulini sehemu kubwa ya asubuhi, ilhali upande wa mashariki hupigwa na jua tangu linapochomoza. Lakini katika Taita pande zinazoelekea mashariki na kusini-mashariki ndizo zinazopokea upepo wa bahari na ukungu, na ndizo zenye misitu. Kwa hiyo mtu achague kati ya kivuli cha saa na kivuli cha miti, na palipo na miti mimi huchagua miti. Kuhusu majira, kipupwe ndicho ninachokipenda, kuanzia Juni hadi Agosti, kwa sababu mvua za masika zimekwisha na hewa ni ya baridi. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, simpeleki Duma mlima wowote ambao sehemu yake ya chini ni nyika.

Mwenye kumchukua mbwa mlimani anapaswa kuzijua dalili za kuzidiwa na joto kabla hajajua jina la kilele: kuhema kusikotulia hata baada ya kupumzika, mate mazito ya kunata, ufizi uliogeuka kuwa mwekundu mno, kuyumba, kutapika. Hapo safari imekwisha. Mbwa awekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni, kwenye mapaja na nyayoni, apepewe, na apozwe kwanza ndipo asafirishwe kwa daktari wa mifugo. Hii ndiyo sababu, ninapoipima njia, nauliza pia umbali wa mahali ambapo gari linaweza kufika, na kama kuna daktari wa mifugo anayepokea simu siku ya Jumapili huko Voi, Mwatate au Wundanyi.

Ardhi yenyewe hupimwa kwa mkono. Ukiweka sehemu ya nyuma ya kiganja chako juu ya jabali au lami na ukashindwa kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo za mbwa zitaungua. Milima ya Taita ina majabali mapana yaliyo wazi, na jabali ambalo saa moja asubuhi ni baridi, kufikia saa sita huwa limegeuka kikaango. Changarawe kali huikwaruza ngozi ya nyayo polepole, na mbwa haonyeshi mpaka ngozi imechanika; mbwa wa ufuoni, ambaye amezoea mchanga laini, huchanika mapema zaidi. Chini ya milima kuna migunga, na mwiba wa mgunga hupenya hadi katikati ya vidole. Nikisikia kwamba njia inapita kwenye vichaka vya migunga kwa zaidi ya nusu saa, huihesabu kuwa haifai, hata kama mandhari yake yanasifiwa.

Mteremko ni mgumu kuliko mwinuko. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na anaposhuka uzito huo huongezeka, kwa hiyo mabega na viwiko huumia wakati yeye mwenyewe anaonekana kufurahia mbio. Njia inayoshuka kwa mizunguko mirefu humfaa. Njia inayoshuka moja kwa moja juu ya mawe yaliyolegea haimfai. Na mahali popote ambapo mtu analazimika kutumia mikono kupanda, mbwa hana la kufanya.

Hapo ndipo nauliza swali ambalo kwangu huamua kesi nzima: mbwa huyu akivunjika mguu mahali pabaya kuliko pote kwenye njia hii, ni nani atakayembeba, na kwa namna gani? Mbwa wa kilo kumi anaweza kuwekwa kwenye mkoba wa mgongoni au kufungwa kwa leso. Mbwa wa kilo thelathini na tano, kama mbwa wengi wa ulinzi wa mitaa ya Nyali, hawezi kubebwa na mtu mmoja kwenye mteremko wa mawe kwa zaidi ya dakika chache. Basi mwenye mbwa mkubwa achague njia pana, ama aende na wenzake wawili walio tayari kubeba shuka yenye mbwa ndani yake kama machela. Nimewaona watu wakikereka wanapoulizwa hivyo, kana kwamba nawatakia mabaya, lakini njia ambayo swali hili halina jibu lake haifai, basi.

Kuhusu maji, mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ya kawaida, na siku ya mlima ni zaidi ya maradufu. Mbwa wa kilo ishirini atahitaji lita mbili na ushei zake peke yake. Sitegemei vijito, kwa kuwa vingine hukauka, na vile visivyokauka hutumiwa na watu kwa kunywa. Kumtumbukiza mbwa kwenye chanzo cha maji cha kijiji ni kuwakosea watu. Madimbwi yaliyotuama huweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi kutokana na mikojo ya panya na mifugo, kwa hiyo hayo nayo simruhusu ayaguse.

Njia za Taita si za watalii peke yao. Ni njia za watoto wa shule, za akina mama wenye mizigo ya kuni, za ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa malishoni. Mwenye mbwa akizisahau hizo, ameipima njia nusu tu. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na mtoto anayeganda kwa hofu akimwona Duma hana kosa lolote. Amefundishwa na wazazi wake jambo la kweli. Kwa hiyo chanjo ya kila mwaka na cheti chake ni sharti, na kamba ni sharti pia, wala haitoshi kusema kwamba mbwa wangu haumi. Kwa wenzetu Waislamu, ambao ni wengi katika vituo tunavyopita tangu Mazeras hadi Voi, mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa nayo huwa na kazi ya kujitwaharisha kabla ya kuswali. Mimi husimama kando ya njia, humkalisha Duma upande wa pili wa miguu yangu, hutoa salamu na kuwapisha watu. Siku moja karibu na Wundanyi mama mmoja mwenye mbuzi aliniita kwa mbali.

"Mwanangu, mshike huyo, mbuzi wangu ana watoto wachanga."

"Shikamoo mama. Nimemshika, na tutapitia ng'ambo."

"Marahaba. Basi pitia kule juu, kwenye mikaratusi. Chini kuna nyuki."

Asingeniambia habari ya nyuki kama mbwa angekuwa anakimbia huru. Wenyeji ndio wanaojua hali ya njia ya wiki hii, na ramani ya simu haijui nyuki.

Wanyama wa porini hubadilisha kabisa hukumu ya njia, na mfano wangu ni Kasigau. Mlima huo, wenye kilele cha mita 1,641, umesimama peke yake kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ni mmoja wa milima ninayoipenda sana kwa miguu yangu mwenyewe, kwa jinsi mtu anavyotoka nyikani na kufika kwenye msitu wa ukungu kileleni. Kwa mbwa naukataa. Unaanzia chini kwenye joto, mpando wake ni mkali, na tambarare inayouzunguka ni mapito ya ndovu. Mbwa akimwona ndovu hubweka. Ndovu akikasirika humfukuza mbwa. Na mbwa akiogopa hukimbilia kwa mwenyewe, akimletea ndovu mgongoni. Katika nyika hiyo pia kuna mitego ya nyaya inayotegewa swala na paa, ambayo haichagui shingo. Chui humpenda mbwa kama kitoweo popote walipo pamoja, na nyani dume ana meno yanayoweza kumpasua mbwa mkubwa kwa mara moja. Nyoka kama bafe hujilaza njiani bila kusogea, na pua ya mbwa ndiyo inayomfikia kwanza.

Vuria naikubali, kwa masharti. Ina barabara ya gari inayopanda kuelekea kwenye minara ya mawasiliano iliyo kileleni, jambo ambalo wapandaji wengine huliona kuwa dosari, lakini kwa mwenye mbwa ni neema, kwa kuwa panapofika gari pana njia ya kumtoa mgonjwa. Hewa ni ya baridi, na kwa mbwa mwenye manyoya mafupi aliyezaliwa Mombasa ukungu ukichanganyika na upepo huweza kumtetemesha, kwa hiyo hubeba taulo kavu na shuka. Jabali la Wesu, juu ya Wundanyi, nalikubali kwa kamba fupi tu na kwa mtu mmoja kwa mbwa mmoja, maana kingo zake ni genge, na mbwa anayemfukuza mjusi haoni genge.

Msitu wa Ngangao umenisumbua kuuamulia. Una kivuli, udongo laini na hewa safi, yaani kila kitu ambacho mwili wa mbwa unahitaji. Lakini katika vipande hivyo vidogo vya misitu ya Taita wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo yule ambaye wataalamu humwita Turdus helleri, ambaye hutafuta wadudu chini kwenye majani makavu, yaani pale pale pua ya mbwa inapopita. Mbwa aliyeachiliwa huko anaweza kuvuruga malisho ya ndege adimu bila hata kumgusa. Uamuzi wangu ni kwamba Ngangao si njia ya mbwa, hata pale ruhusa inapopatikana, na kwamba kivuli chake tukitazame kutoka barabarani.

Wapo pia mbwa ambao hakuna njia inayowafaa. Mbwa wenye pua fupi zilizobonyea, kama pagi na buldogi, hawana njia ya pumzi ya kutosha kujipoza, na kuwapandisha mlima katika nchi yetu ni kuwatesa. Mbwa mchanga wa aina kubwa, ambaye mifupa yake haijakomaa, angoje hadi atimize mwaka mmoja na nusu. Mbwa wenye manyoya mazito meupe, ambao siku hizi wanapendwa sana mijini, waende kipupwe tu na kwenye njia fupi. Wengine wote waanze na vilima vya karibu, Nguu Tatu au Rabai, alfajiri, wiki kadhaa kabla ya Taita.

Hukumu ya njia haimaliziki siku ya kurudi. Jioni ile ile mkague mbwa kupe masikioni, kwapani na kati ya vidole, kwa sababu babesia na ehrlichia huambukizwa na kupe na dalili zake huweza kuchelewa kwa wiki moja hadi tatu: homa, ufizi uliopauka, mkojo wa rangi ya giza. Nyika za Tsavo na sehemu za Kwale zina mbung'o, na mbwa huathirika vibaya na ugonjwa wa malale ya wanyama. Jicho likiingia ukungu mweupe baada ya safari, usidhani ni vumbi. Mpeleke kwa daktari na umtajie mahali mlikokwenda, ukianza na mahali mliposimamisha gari njiani ili mbwa akojoe, kwa kuwa daktari wa mjini hana sababu ya kuuwazia ugonjwa wa mbung'o kwa mbwa anayeishi Bamburi mpaka aambiwe. Nami njia ambayo mbwa wawili wamerudi nayo wagonjwa huiondoa kwenye orodha yangu, hata kama ilikuwa imefaulu kwa kivuli, kwa maji na kwa ardhi.